Pikapu ipi itavuta trela la futi 28 kwa usalama?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Fort Worth, Texas, pamoja na mke wangu na watoto wetu watatu. Tumeweka akiba ili tununue trela la kulala la futi 28. Uzito wake likiwa tupu ni ratili 5,900, na kikomo chake likiwa na mzigo ni ratili 7,600. Tunakusudia kwenda nalo Colorado wakati wa likizo ya shule. Muuzaji mmoja ametuonyesha pikapu iliyotumika ya daraja la nusu tani, yenye milango minne na inayoendesha magurudumu yote, na anasema inavuta ratili 11,000, kwa hiyo trela letu litakuwa mzigo mwepesi kwake. Je, nimwamini, au nitafute gari jingine?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Namba aliyokupa muuzaji yaweza kuwa ya kweli kabisa, ila si hiyo inayoamua jambo lako. Pikapu hiyo italivuta trela lako, itapanda nalo vilima, na pengine itakufikisha. Kitakachoelemewa si injini bali mgongo wake, maana gari linalovuta trela la aina hii hulibeba pia, na uwezo wa kuvuta na uwezo wa kubeba ni vitu viwili ambavyo watu wengi, wakiwamo wauzaji wenye nia njema, huvichanganya. Kwa familia ya watu watano na trela la futi 28 ningekushauri uiache pikapu hiyo, nami nitakuwekea hesabu yote hapa ili uamue mwenyewe.

Kabla hujarudi kuzungumza bei, fungua mlango wa dereva na uangalie nguzo ya mlango, pale mlango unapofungia. Utakuta kibandiko cheupe chenye rangi ya manjano, kinachoonyesha ukubwa wa matairi na upepo wake, na juu yake kuna mstari mmoja wa Kiingereza unaosema kwamba jumla ya uzito wa watu na mizigo isizidi kilo kadhaa au ratili kadhaa. Namba hiyo ndiyo ya pikapu yako. Si ya kitabu cha matangazo wala ya gari linalofanana nalo lililoegeshwa pembeni, kwa sababu pikapu mbili za mwaka mmoja na injini moja zinaweza kupishana kwa ratili mia nne au mia tano kutokana na viti vya ngozi, paa la kioo, gia ya magurudumu yote na mapambo mengine, ambayo kila moja hula sehemu ya mzigo. Pikapu za nusu tani zenye milango minne ninazozipokea karakanani mara nyingi huonyesha kati ya ratili 1,400 na 1,900. Tuseme yako inasema 1,480, ambazo ni kama kilo 670. Natumia ratili, zile ambazo huku tunaziita paundi, kwa kuwa ndizo zilizoandikwa kwenye vibandiko na ndizo utakazosomewa mizanini.

Sasa tulitazame trela. Usiufanyie hesabu ule uzito wa ratili 5,900, kwa sababu hakuna anayesafiri na trela tupu. Uzito huo kwa kawaida haujumlishi maji wala vyombo wala matandiko na nguo zenu, na mara nyingi hata betri haimo. Galoni moja ya maji ina ratili 8.34, kwa hiyo tangi la galoni 50 likijazwa linaongeza ratili 417 peke yake. Mtungi mmoja wa gesi ya kupikia, wa ukubwa ule wa kawaida wa matrela, una ratili 20 za gesi, nao mtungi wenyewe unakaribia uzito huohuo, na trela lako litakuwa na miwili, yote ikikaa mbele kabisa juu ya shingo, pale trela linapoungana na pikapu. Weka masufuria, blanketi, viti vya kukunja, chakula cha watu watano na sehemu ya maji, utafika ratili 7,000 bila kuhisi kwamba umepakia chochote cha ajabu.

Katika hizo ratili 7,000, sehemu fulani haibebwi na matairi ya trela. Inakaa kwenye shingo, yaani ile pembetatu ya chuma ya mbele, nayo inashuka moja kwa moja kwenye kiungo kilicho nyuma ya pikapu. Trela la kulala linalotulia barabarani huwa na asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye shingo, nami hupenda kuhesabu 13. Asilimia 13 ya 7,000 ni ratili 910. Kiungo chenyewe cha kugawa uzito, ambacho utakihitaji na ambacho nitakieleza, kina karibu ratili 100. Wewe na mama watoto na watoto watatu, tuseme ratili 660 kwa jumla. Baiskeli, jenereta ndogo, kuni, kisanduku cha barafu na boksi la zana nyuma ya pikapu, ratili 250. Jumla ni 1,920, ilhali kibandiko kinaruhusu 1,480. Umezidisha ratili 440, ambazo ni kama kilo 200, na wakati huohuo uko ratili 4,000 chini ya zile 11,000 ulizoambiwa. Ndiyo maana nasema namba ile ni ya kweli na haikusaidii.

Utauliza inawezekanaje kiwanda kitoe namba ambayo familia haiwezi kuifikia. Viwanda vya Marekani hupima uwezo wa kuvuta kwa kanuni inayoitwa J2807, iliyotungwa na chama cha wahandisi wa magari. Toyota ndiyo iliyotangulia kuifuata kwa magari ya mwaka 2011, na wengine wakafuata baadaye. Ni kanuni nzuri, naiheshimu, kwa sababu kabla yake kila kampuni ilijipimia kwa namna yake. Gari hupandishwa mteremko wa Davis Dam huko Arizona, maili 11.4, katika joto la nyuzi 100 za Farenhaiti, kipoza hewa kikiwa kimewashwa mpaka mwisho, na haliruhusiwi kushuka chini ya kasi iliyowekwa wala kuchemsha. Lakini ndani ya gari huhesabiwa watu wawili tu, kila mmoja ratili 150, pamoja na vifaa vichache, na shingo ya trela huhesabiwa kwa asilimia 10. Chukua 11,000, asilimia 10 yake ni 1,100. Ongeza watu wawili, 300, na vifaa vya kiungo, 70, unapata 1,470. Tazama ilivyogusa dari ya 1,480. Hesabu ya kiwanda imekamilika, na watoto wako watatu hawakuwamo ndani yake.

Kuzidisha uzito huo si suala la karatasi tu. Shingo nzito inapokandamiza nyuma, sehemu ya mbele ya pikapu huinuka, kama mtoto anayekaa upande mmoja wa pembea ya ubao. Matairi ya mbele ndiyo yanayogeuza gari na ndiyo yanayobeba kazi kubwa ya breki, na yanapopungukiwa uzito, usukani huwa mwepesi mkononi, gari huchelewa kutii, na breki za mbele hukosa cha kushikia. Matairi ya nyuma nayo hujikunja zaidi ya ilivyokusudiwa na kupata moto. Usiku utawaona wenzako wanakuwashia taa ukidhani wanakusalimu, kumbe taa zako zimeinuka na zinawapiga usoni.

Kiungo cha kugawa uzito hurekebisha sehemu ya tatizo hilo. Kina vyuma viwili vya springi vinavyokazwa chini ya shingo ya trela, navyo huinua nyuma ya pikapu na kurudisha sehemu ya uzito kwenye ekseli ya mbele, na sehemu nyingine kwenye ekseli za trela. Kwa trela kama lako ni lazima. Soma kibandiko kilicho kwenye boksi la kiungo nyuma ya pikapu, kwa kuwa nyingi za nusu tani zimeandikwa mzigo mdogo sana kama huna kifaa hicho, mara nyingi ratili 5,000 za trela na 500 za shingo. Naomba unielewe vizuri hapa, maana kosa hili nimelisikia hata kwa mafundi wenzangu: kifaa hicho hugawa uzito, hakiongezi uwezo ulioandikwa mlangoni. Wala mifuko ya hewa inayofungwa kwenye springi haiongezi. Inainua gari likaonekana limenyooka, lakini ekseli, rimu, matairi na breki vimebaki vilevile.

Jambo la pili ni kuyumba kwa trela, nalo naliandika kwa uzoefu wangu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili nikiwa Colorado nilivuta trela la futi 27 kutoka Pueblo kuelekea kusini kwa barabara ya I-25, nikiwa na pikapu ya nusu tani. Nilikuwa nimefunga baiskeli nne nyuma kabisa ya trela na kujaza tangi la maji lililokuwa nyuma ya ekseli, kwa hiyo shingo ilikuwa nyepesi, nami kwa ujinga nilifurahi kwamba pikapu haikuinama. Karibu na Walsenburg, mahali panapojulikana kwa upepo, lori kubwa lilinipita. Kwanza trela lilisukumwa pembeni, kisha likavutwa kuelekea kwenye lori, na kwenye kioo cha kushoto nikaona pembe ya trela, mara ikapotea, nikaiona kwenye kioo cha kulia, mara ikarudi kushoto, kila safari ikija zaidi. Vikombe viligongana nyuma kabatini na mke wangu alishika mpini wa mlango bila kusema neno. Mguu wangu ulitaka kukanyaga breki, na laiti ningekanyaga, trela lingetusukuma tukakunjika. Nilichofanya ni kuondoa mguu kwenye mafuta, kushika usukani ukiwa umenyooka, na kusukuma kwa kidole kile kidude kidogo cha kudhibiti breki za trela peke yake. Trela lilijivuta nyuma, likanyooka. Tulisimama pembeni ya barabara kwa muda mrefu.

Kwa hiyo usije ukapunguza uzito wa shingo ili pikapu ndogo iweze kubeba. Dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Pakia vitu vizito juu ya ekseli za trela au mbele yake kidogo, na kama shingo ni nzito kuliko uwezo wa gari lako, basi gari ndilo linalobadilishwa. Na njia yako, ndugu yangu, ndiyo hasa njia ya upepo. Kutoka Fort Worth utashika barabara ya 287 mpaka Amarillo na Dumas, kisha ya 87 kupita Dalhart na Clayton hadi Raton, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni uwanda mtupu usio na mti wa kukukinga. Ubavu wa trela la futi 28 ni ukuta, na upepo wa pembeni unausukuma kama tanga. Urefu wa pikapu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma husaidia sana hapa. Madereva wazoefu hutumia kipimo hiki: inchi 110 kwa trela la futi 20, kisha inchi 4 kwa kila futi inayozidi. Si sheria ya fizikia, ila ni mwongozo mzuri, na kwa futi 28 unapata inchi 142. Pikapu nyingi za milango minne huanzia karibu na 145, kwa hiyo kwa upande huo hutakuwa pabaya, lakini gari la familia aina ya SUV lisikushawishi hata kama injini yake ni ileile.

Kuhusu mlima sina mengi kwa sababu magari ya leo yana nguvu za kutosha. Jua tu kwamba injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000 unazopanda. Mlima wa Raton una futi 7,834, na handaki la Eisenhower kwenye I-70 magharibi ya Denver liko futi 11,158. Huko juu, injini ya kawaida imebaki na kama thuluthi mbili ya nguvu ulizozinunua. Utapanda polepole upande wa kulia pamoja na malori, na hilo halina ubaya wowote. Ninachokiogopa ni kushuka. Ukitoka handakini kuelekea Silverthorne kuna mteremko wa asilimia 7, na njia za changarawe za kusimamisha malori yaliyokosa breki hazikuwekwa pale kwa urembo. Fanya kama wafanyavyo madereva wetu wa malori kwenye Mlima Kitonga: weka gia ndogo kabla mteremko haujaanza, iache injini ishikilie mzigo, na breki ziguse kwa mikanyago mifupi yenye nguvu, halafu ziachie zipoe.

Sasa gari gani. Kwa hesabu yako ya 1,920, mimi ningetafuta kibandiko kisichopungua 2,300, ili watoto wakue na mtu asilazimike kuacha shoka na mahema nyumbani. Hapo unaingia daraja linaloitwa robo tatu ya tani, kama Ford F-250, Ram 2500, Chevrolet Silverado 2500HD na ndugu yake wa GMC. Majina haya ya nusu tani na robo tatu ni ya zamani na hayalingani tena na mzigo halisi wa magari, yachukue kama majina tu. Na katika daraja hilo, nunua ya petroli. Najua watu wanaipenda dizeli, nami naipenda, kwa kuwa breki yake ya injini kwenye mteremko ni raha tupu. Lakini injini ya dizeli ni nzito kwa mamia ya ratili kuliko ya petroli, na kwa kuwa nyingi ya pikapu hizi zimewekewa kikomo cha jumla cha ratili 10,000, uzito huo unatolewa kwenye mzigo wako. Nimeona dizeli za kifahari za robo tatu ya tani ambazo kibandiko chake hakifiki 2,000, wakati ya petroli iliyoegeshwa kando yake, yenye viti vya kitambaa na bei nafuu, inabeba 3,000. Kwa trela la ratili 7,000 petroli inatosha. Zipo pia nusu tani chache zilizoagizwa kiwandani na springi na ekseli za mzigo mzito, zinazopita 2,000. Ukiipata moja, kibandiko kitakwambia, na usimsikilize mtu mwingine.

Ukishapata gari, hakikisha lina kipoza mafuta ya giaboksi, soketi ya umeme ya pini saba, vioo virefu vinavyoona nyuma ya trela, na kifaa cha kudhibiti breki za trela kinachohisi jinsi gari linavyopunguza mwendo, si kile cha bei ndogo kinachohesabu sekunde tu. Kwenye trela, geuza macho yako ubavuni mwa tairi na utafute herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya trela huzeeka yakiwa yamesimama, na mengi yametengenezwa kwa kasi isiyozidi maili 65 kwa saa, kwa hiyo vibao vya maili 75 vya Texas havikuhusu.

Kabla ya safari kubwa pitia mizani. Kule nyumbani mizani ni ya malori na mabasi, huku vituo vya mafuta vya malori vina mizani ya umma inayompima yeyote kwa dola chache, ikisoma ekseli ya mbele, ya nyuma na za trela kila moja peke yake. Pima mara tatu, familia nzima ikiwa ndani na tangi la mafuta likiwa limejaa: pikapu na trela vyuma vya springi vikiwa vimekazwa, kisha vikiwa vimelegezwa, kisha pikapu peke yake. Chukua uzito wa ekseli mbili za pikapu vyuma vikiwa vimelegezwa, utoe uzito wa pikapu peke yake, na jibu ndilo uzito halisi wa shingo. Linganisha ekseli na kibandiko cha pili cha mlangoni, kile chenye herufi GVWR, yaani kikomo cha uzito wa gari zima, na GAWR, kikomo cha kila ekseli.

Na ikiwa fedha hazitoshi kwa robo tatu ya tani, badilisha trela badala ya kulazimisha gari. Trela la futi 22 au 23 ambalo likipakiwa lina ratili 5,000 litaweka 650 kwenye shingo. Ongeza kiungo 100 na familia 660, unapata 1,410, na pikapu uliyoonyeshwa inabaki na ratili 70 za mizigo ya nyuma, yaani baiskeli mbili za watoto na kisanduku cha barafu, vingine vyote vikipakiwa ndani ya trela. Ni nafasi finyu, lakini ni halali. Nenda kafungue ule mlango, upige picha ya kibandiko, na kama namba iliyopo si 1,480 niliyoikisia, niandikie tena kabla hujalipa malipo ya awali, nami nitaipiga upya hesabu hii kwa namba zako.